Chumvi ya Crisanto

Ijumaa ile, siku moja kabla ya harusi, jikoni kwa Ghislaine hapakuwa na nafasi ya kuweka hata kijiko. Jiko lenyewe ni la fleti ya ghorofa ya pili pale Umbilo, Durban, mtu mmoja akigeuka mwingine sharti atoke, na humo siku hiyo mlikuwa na kuku kumi na wanane, gunia la viazi, ndizi za kupika, maharage yaliyolowekwa tangu jana, na Coletha. Coletha ni rafiki yake, Mhaya wa Bukoba, mwanamke wa mwili na kicheko, na ukiniuliza mimi, huyo peke yake alitosha kulijaza jiko.

"Shoga, punguza mbio," Coletha alimwambia akimenya kitunguu. "Anayeolewa ni Rowena, si wewe."

"Niache! Nimengoja siku hii miaka."

Na kweli alingoja. Fabien, bwana harusi, ni mdogo wake, kitindamimba wa nyumba yao, na Ghislaine ndiye aliyemlea. Alimbeba mgongoni walipotoka Gitega, Burundi, akamlea kambini Tanzania, akaja naye mpaka Durban, akamsomesha ufundi wa friji. Wazazi hawapo. Kesho, pale watakapoitwa wazazi wa bwana harusi, atakayesimama ni yeye, na kitenge chake cha kusimama nacho alikuwa ameshakipiga pasi mara tatu.

Tena harusi hii ilishaahirishwa mara mbili. Mara ya kwanza karatasi za Fabien zilichelewa. Mara ya pili, mwaka jana, 2011, baba yake Rowena alianguka akafa wiki moja kabla ya siku yenyewe. Kadi zilikuwa zimeshagawiwa, keki imeshaokwa, ikaliwa msibani. Sasa huu ulikuwa mwezi wa tano wa 2012, na Fabien alikuwa ameapa kwamba safari hii, hata wakimfungia ndani ya friji, atatoka humo na suti yake na ataoa.

Huko kwa akina Rowena ni Glenwood, nyumba ya zamani yenye bati jekundu na mkuyu mkubwa nyuma, mti uliotanda mpaka juu ya uzio wa jirani. Mama yake Rowena jina lake Luzviminda, Mfilipino wa kisiwa cha Samar. Alikuja Durban na mumewe fundi wa meli, naye ni muuguzi kwenye nyumba ya wazee. Mwanamke mfupi, mkimya, mwenye macho ya kukupima mpaka soli za viatu.

Ngoja nikueleze alivyompima Fabien. Siku ya kwanza Fabien alikwenda pale kutengeneza friji, hamjui mtu. Mama Rowena akafungua mlango, akasimama, akamkazia macho kwenye mdomo wa juu dakika nzima bila kusema neno. Fabien akadhani amebakiwa na ugali usoni, akajifuta. Mama bado anaangalia. Ndipo akasema, "Haya, ingia."

Baadaye sana, walipozoeana, Rowena alimweleza Fabien huku akicheka mpaka machozi. Kwao Samar, misituni, kuna viumbe wanaokaa ndani ya miti mikubwa. Ni warefu, ni wazuri kupita kiasi, wanapenda watu, na wakikupenda wanakuchukua. Utawajua kwa kitu kimoja tu: hawana kile kijifereji cha chini ya pua. Sasa Fabien ni mrefu, na uzuri Mungu hakumnyima. Mama Rowena alikuwa anatafuta kifereji.

"Wanaitwa engkanto," Mama Rowena mwenyewe alimwambia Ghislaine siku ya posa, kwa Kiingereza chao, kila mmoja na cha kwao. "Hilo neno si letu. Wahispania walitutawala zaidi ya miaka mia tatu, na kwao encanto ni ule uzuri unaokuroga. Tukalichukua, tukawapa jina hilo wenyeji wetu ambao walikuwa msituni kabla meli ya Mhispania haijaonekana. Jina la mgeni, lakini wao ni wa kwetu."

"Kama mimi," Ghislaine alijibu. "Ghislaine ni la padri wa Kizungu. Mwenyewe ni wa Gitega."

Mama Rowena akacheka. Ilikuwa mara ya kwanza Ghislaine kumwona akicheka, na tangu siku hiyo alitaka sana mama yule ampende. Alitaka hivyo kama mtoto anayetaka kusifiwa, usimcheke.

Basi. Alhamisi jioni Mama Rowena alikuwa amempigia simu. "Ghislaine, kesho ukileta vyakula, naomba sahani moja ya pembeni. Wali na kuku. Ni ya mtu wangu. Usitie chumvi. Tafadhali, hata chembe."

"Hakuna shida, mama."

Lakini Ijumaa asubuhi, kisufuria cha pembeni kikichemka, shida ikaingia.

"Hata chembe?" Coletha aliuliza. "Ana presha huyo mtu?"

"Hakusema." Ghislaine alisimama na kijiko mkononi. "Coletha, hebu fikiri. Mkwe akikwambia usijisumbue, unafanyaje?"

"Najisumbua."

"Akisema hatahitaji kiti?"

"Namletea kochi."

"Eeh! Basi huu ni mtihani. Kwetu, kumpa mgeni chakula kisicho na chumvi ni kumwambia asirudi tena. Mama Rowena anataka kuona kama mimi ni mtu wa kupeleka chakula chapwa kwa mtu wake, halafu kesho aseme, tazameni walivyotudharau. Wakwe hawasemi kitu moja kwa moja, mon Dieu, ninawajua!"

Alikuwa anawajua wakwe wa Gitega, huyo. Wa Samar hakuwajua hata kidogo. Akachota chumvi kwa vidole vitatu, akatia, akakoroga, akampa Coletha aonje. Coletha alifumba macho.

"Huyo mtu wake akishakula hii," alisema, "atahamia Umbilo."

Saa tano na nusu Fabien akaja na pikapu, wakapakia, wakashuka kwa raha zote. Kila robot, taa ya barabarani ya huko, ikiwaka nyekundu Coletha alipiga vigelegele dirishani, madereva wakajibu kwa honi, na Fabien, kwa furaha na woga, alizima gari mara mbili. Ghislaine alikuwa ameipakata sahani ya pembeni mwenyewe, imefunikwa kwa kitambaa alichokitarizi, na njia nzima alikuwa anaona sura ya Mama Rowena atakapoonja.

Glenwood walikuta turubai limeshasimamishwa, Rowena yuko juu ya ngazi anafunga maua. Mama Rowena aliipokea sahani kwa mikono miwili. Hakufunua. Aliangalia saa.

"Umewahi. Inatakiwa saa sita kamili. Njoo nami, wewe ndiye mama wa bwana harusi."

Ghislaine alidhani wanakwenda chumbani kwa mgonjwa. Mama akazunguka nyumba, akaelekea kwenye mkuyu. Hatua tano kabla ya mti akasimama, akainama kidogo, akasema, "Tabi-tabi po." Akamgeukia Ghislaine. "Ni hodi yetu. Tunawaomba watupishe, tusiwakanyage. Sema na wewe."

Ghislaine akasema. Mama akapiga magoti, akaiweka sahani katikati ya mizizi, akatoa kitambaa. Mvuke ukapanda.

"Mtu wangu anaitwa Crisanto," alisema, bado amepiga magoti. "Kaka yangu. Mwaka wa 1971 alikuwa na miaka kumi na miwili, mimi minane. Tulikwenda kuokota kuni, tukapita kwenye mti kama huu, kwetu tunauita balete. Akaniambia, nenda, nakuja. Hakuja. Kijiji kizima kilitafuta mwezi mzima. Bibi yangu akasema wamemchukua engkanto, na ameshakula chakula chao. Chakula chao hakina chumvi. Mtu akishakizoea, chumvi anaiogopa kama sumu. Basi mama yangu akawa anampelekea sahani chini ya mti, bila chumvi, ili aweze kula. Mama alipokufa nikaendelea mimi. Meli, ndege, Durban, popote penye mti wa namna hii. Miti hii wao wanapita ndani yake kama sisi tunavyopita barabarani."

Ghislaine alificha vidole vyake ndani ya kitenge.

"Kila kabla ya jambo kubwa namlisha, ili abariki. Mwaka jana nilikuwa na zamu mbili, nikasema nitamlisha nikipata nafasi. Wiki ileile baba Rowena akaanguka." Mama Rowena aliinuka, akakung'uta magoti. "Kwa hiyo nimejiapia. Kama sahani haiko sawasawa, ndoa haifungwi. Afadhali tungoje mwaka mwingine. Lakini leo umenipikia wewe, na iko sawa. Asante, binti yangu."

Binti yangu! Neno alilolitamani miaka miwili, limekuja leo, limemkuta na chumvi vidoleni.

Alirudi kwenye turubai. Coletha alikuwa anapanga vikombe. Ghislaine alimvuta nyuma ya masufuria, akamwambia yote kwa pumzi moja.

"Nyamaza," Coletha alisema. "Nyamaza kabisa! Mti una ulimi? Kesho watu wapate kula, wacheze, baada ya mwezi utamweleza mtacheka."

"Na kama..."

"Hakuna na kama! Mtazame Fabien."

Alimtazama. Fabien alikuwa ameishika ngazi ya Rowena, amemwinulia uso, anacheka kwa kitu ambacho hakichekeshi. Ghislaine aliona akifungua kinywa sasa hivi, turubai na maua vitashushwa mbele ya macho ya mtoto wake. Kwa nini aseme? Nani atajua?

Lakini Ghislaine naye alikuwa na kaka. Anaclet, mkubwa wao. Mwaka wa 1993, usiku ule wa kukimbia, Anaclet alisema tangulieni, nafuata. Hawakumwona tena, wala mwili, wala habari. Kule kambini mama yao alikuwa akipakua, lazima apakue na ya Anaclet, na sahani ile haikuguswa na mtu mpaka ipoe. Siku moja Ghislaine, msichana wa miaka kumi na mitano mwenye njaa, aliila kwa siri. Akasema ni mbuzi. Mama alikufa akiamini ni mbuzi. Jambo hilo Ghislaine hakumwambia mtu hata mmoja, hata padri.

Sahani mbili za namna hiyo, hapana. Aliifuta mikono kwenye kitenge, akatembea moja kwa moja mpaka mbele ya Mama Rowena, kabla miguu haijabadili mawazo.

"Mama, nimetia chumvi."

"Wapi?"

"Kwenye ile sahani. Nilidhani unanijaribu. Nilidhani ni heshima ya wakwe. Nilitia, tena ya kutosha. Nisamehe."

Nyuma yao kitu kikaanguka. Rowena alikuwa ameachia kapu zima la maua.

"Nilikwambia hata chembe!" Wote waliomjua Mama Rowena hawakuwahi kuisikia sauti ile. "Kiingereza changu hakieleweki? Hata chembe, nilisema! Miaka arobaini na moja sahani hiyo haijaonja chumvi, na wewe, kwa siku moja..." Alishindwa kumaliza. Akakimbia kuelekea kwenye mkuyu, slipasi moja ikabaki nyuma.

Wote wakamfuata mbio, Fabien akiuliza, "Dada, iko nini? Iko nini?" na hakuna wa kumjibu. Hakuna aliyekumbuka hodi ya mti.

Sahani ilikuwa tupu. Hapakuwa na punje ya wali wala mfupa. Ilikuwa palepale kati ya mizizi, nyeupe, safi, na kitambaa cha Ghislaine kando yake.

"Tumbili," Coletha alisema polepole, akionyesha juu ya bati, ambako tumbili watatu walikuwa wamekaa wakijikuna.

Na mimi ningesema tumbili. Durban nzima inawajua wezi hao. Ila tumbili wa Glenwood akila, anamwaga nusu, anavunja sahani na kukutukana juu yake, na hapo hapakumwagika kitu. Sitabishana na mtu. Nakwambia tu walichokiona.

Mama Rowena aliiokota sahani, akaigeuza, akapitisha kidole, akakilamba.

"Amekula chumvi," alisema.

"Mama, nisamehe," Ghislaine alianza tena, sasa analia waziwazi. "Kama ni kungoja, tutangoja. Fabien ataniwia radhi siku moja."

Mama Rowena hakuwa anamsikia. Alikaa chini kwenye mizizi, sahani kifuani, akaanza kusema kwa sauti ndogo.

"Bibi yangu alisema na jambo la pili. Alisema mtu aliyekula chumvi, engkanto hawamtaki tena. Wanamfungulia mlango. Lakini alisema njia ni ndefu, anaweza kupotea, anaweza kufia njiani. Kwa hiyo, bibi alimwambia mama yangu, chagua. Mlishe bila chumvi, akae huko salama. Au mtilie chumvi, umwite. Mama aliogopa kuchagua. Alipokufa akaniachia woga wake, nikauchukua kama ulivyo." Akainua uso, na uso huo ulikuwa umebadilika kabisa, ulikuwa uso wa mtoto wa miaka minane. "Ghislaine, miaka yote hii nimekuwa nikimlisha abaki kule! Sijamwita hata siku moja. Wewe umemwita!"

Akainuka kama aliyechomwa. "Rowena! Leta kiti! Kile kizuri, cha baba yako! Kesho kinakaa meza ya mbele, na sahani juu. Na chumvi, Ghislaine, usinionee huruma kwa chumvi!"

"Harusi ipo?" Fabien aliuliza, bado hajaelewa hata nusu.

"Ipo, mjinga wewe, na mjomba anakuja!"

Coletha akapasua kigelegele mpaka tumbili wakakimbia bati zima. Rowena akamrukia Fabien shingoni. Ghislaine alisimama katikati ya kelele zile, mikono imening'inia, halafu akamshika Mama Rowena mkono.

"Mama. Naomba viwe viwili."

Hakueleza zaidi. Mama Rowena alimtazama, na mtu aliyengoja humtambua mwenzake. "Anaitwa nani?" aliuliza.

"Anaclet."

"Rowena! Viwili!"

Harusi yenyewe sikuhadithii yote, tutakesha. Walirudi kutoka kanisani saa nane, turubai likajaa, Warundi, Watanzania, Wafilipino wa bandarini, majirani Wazulu waliokuja na ngoma yao bila kuombwa. Nyama za Ghislaine zilitia fora. Meza ya mbele, kulia kwa Mama Rowena, viti viwili vilikaa vitupu na sahani mbili zilizojaa, na kila aliyekosa pa kukaa akivisogelea, mama anasema, "Vina wenyewe." Ghislaine alisimama kwa kitenge chake, akasema maneno ya wazazi, hakukosea hata moja. Ila kila geti likilia, shingo yake ilikuwa inageuka peke yake.

Kama saa kumi hivi, muziki umesimama kidogo ili bibi na bwana harusi wakate keki, geti likalia. Akaingia mtu. Mrefu, mwenye mvi kidogo, amesimama penye jua hata sura haionekani, kofia mkononi.

"Hodi," alisema.

Wanawake wawili waliinuka pamoja. Viti vyao vilianguka nyuma. Mama Rowena ameshika meza kwa mikono miwili, Ghislaine ameshika koo lake, na turubai zima, likiwaona, likanyamaza. Watu wengine wakaanza kusimama pia, bila kujua ni kwa nini, mpaka wakasimama wote.

Yule mtu alisogea kivulini, akiwatazama kwa woga. Alikuwa Mrundi, wa miaka hamsini na kitu. Si Anaclet. Wala si Crisanto, na kifereji cha chini ya pua alikuwa nacho.

"Eish, samahani," alisema. "Mimi ni Juvénal, nimeleta tu barafu. Bosi alinituma kutoka Queensburgh. Niko na maboksi manne kwa gari."

Hakuna aliyecheka. Mama Rowena alimtazama Ghislaine, Ghislaine akamtazama Mama Rowena, na machozi yalikuwa yanawashuka wote wawili. Kisha Mama Rowena akavuta kimoja cha vile viti viwili.

"Karibu," alisema, kwa Kiswahili, neno lake moja kati ya matatu anayoyajua. "Kaa."

"Hapana, mama, hapa ni pa wakubwa. Mimi ni wa barafu."

"Kaa, kaka," Ghislaine alisema, akamsogezea sahani.

Juvénal alikaa kwenye ncha ya kiti, kofia magotini, watu mia moja na ishirini wamemsimamia. Akala tonge la kwanza. Ghislaine hakuweza kujizuia.

"Chumvi iko sawa?"

"Iko sawa kabisa, dada." Akala la pili, halafu akaacha, akaangalia huku na huku. "Miaka kumi na miwili niko nchi hii. Leo ndiyo mara ya kwanza naingia pahali watu wanasimama."

Mama Rowena akamwongezea kuku. Barafu ilikuwa inayeyuka kule nje kwenye gari, Fabien akaenda kuishusha mwenyewe, na suti yake.